Besi ikivuma, tazama chini ya daraja

Na MWANDISHI WETU

KIJANA aliingia akiwa amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa shuka la maua, mfano wa mtu aliyebeba mgonjwa. Ilikuwa Ijumaa alasiri, katika chumba cha fundi kilichoko orofa ya pili ya jengo moja hatua chache kutoka Luthuli Avenue, katikati mwa jiji la Nairobi. Kule chini makanga walikuwa wakiita abiria na spika za madukani zikishindana kwa kelele. Fundi alizima redio yake, akasogeza kikombe cha chai kando na kusema neno moja tu: "Mlaze."

Kilichofunuliwa mezani kilikuwa gitaa la besi la nyuzi nne, jekundu, lililochubuka mgongoni kwa kusuguliwa na vifungo vya mishipi kwa miaka mingi. Mwenyewe ni mwanafunzi wa chuo ambaye kila Jumapili hulipiga katika kanisa moja mtaani Kawangware. Alikuwa amekuja nalo mjini kwa matatu ya nambari 46, amelisimamisha katikati ya magoti yake njia nzima.

"Mzee, lina magonjwa mawili," alieleza. "Uzi mnene unapiga kelele za chuma, na gitaa lenyewe linavuma hata kabla sijaligusa. Wazee wa kanisa wamesema lisipopona, Jumapili nisiliunganishe tena."

Fundi, ambaye aliomba jina lake lisitiwe gazetini, aliinamia gitaa akalitazama kwa muda bila kulishika. Kisha akasema, "Huenda si mawili, kijana wangu. Huenda ni moja." Halafu akauliza swali ambalo halikuonekana kuhusiana na jambo lolote: "Umewahi kupigwa na umeme mdomoni ukiimba huku umelishika?"

Kijana alicheka. Ndiyo, alisema, miezi kadhaa iliyopita alikuwa akihisi midomo ikiwashwa kila alipogusa maikrofoni, kama mtu aliyeumwa na siafu. Lakini hayo yalikwisha yenyewe, karibu wakati ule ule mvumo ulipoanza.

Fundi hakucheka. Kwa nini hakucheka ni jambo ambalo kila mzazi mwenye mtoto apigaye ala kanisani, shuleni au katika bendi ya mtaa angefaa kulifahamu, na ndilo lililomfanya mwandishi wa makala haya abaki katika chumba kile hadi taa za barabarani zikawaka.

Chombo cha fundi wa redio

Huenda msomaji asiitambue besi kwa jina, lakini ameisikia. Ni ile sauti nzito inayotembea chini ya muziki, ambayo mtu huihisi tumboni kabla ya kuisikia masikioni. Katika muziki wa benga, ambao wanamuziki kama marehemu D. O. Misiani wa Shirati Jazz waliusambaza kote nchini, besi haiko nyuma kama mtumishi. Huzungumza na gitaa la mbele, hili likiuliza na lile likijibu. Na mtu yeyote aliyecheza dansi Nairobi anaijua besi ya Tom Malanga katika wimbo "Sina Makosa" wa Les Wanyika, bendi iliyozaliwa mwaka 1978 baada ya wanamuziki kadhaa kujitenga na Simba Wanyika. Ondoa besi hiyo na wimbo wote unabaki kama nyumba isiyo na msingi.

Zamani sauti hiyo ilitolewa na ala kubwa ya mbao iliyopita kimo cha mtu, ambayo mpigaji aliisimamisha sakafuni. Mwaka 1951, Leo Fender wa California nchini Marekani alianza kuuza besi ya umeme inayovaliwa begani, akaiita Precision Bass. Fender hakujua kupiga gitaa. Kazi yake ya awali ilikuwa kutengeneza redio katika duka lake dogo mjini Fullerton. Kwa hiyo fundi wa redio wa Luthuli Avenue anapofungua besi, hufungua kitu kilichobuniwa na mwenzake, na ndani yake hakuna uchawi. Mna sumaku, nyaya, vidhibiti viwili au vitatu vya sauti na tundu la kuchomekea waya.

Sumaku hizo ndizo moyo wa chombo. Zimezungushiwa uzi mwembamba wa shaba maelfu ya mara, na wapigaji huziita pikapu, ingawa hazina undugu na lile gari la kubebea viazi. Uzi wa chuma unapotetema juu ya pikapu, umeme mdogo huzaliwa ndani ya shaba, husafiri hadi kwenye amplifaya, ukakuzwa na kutoka kwenye spika kama sauti. Kwa bahati mbaya, shaba hiyo haichagui. Hunasa pia umeme mwingine wowote unaozagaa chumbani.

Daraja na matandiko yake

Fundi alianza na ugonjwa wa kwanza. Kwenye tumbo la gitaa, mahali nyuzi zinapofungwa, kuna bamba la chuma linaloitwa daraja. Limeshikiliwa na skrubu, mara nyingi tano, na juu yake mna vipande vinne vidogo vya chuma. Kila uzi hukalia kipande chake kama mzigo ukaliavyo tandiko la punda, basi tuviite matandiko. Kila tandiko lina skrubu mbili fupi za kulipandisha au kulishusha, na moja ndefu yenye springi, ya kulivuta nyuma au kulisogeza mbele.

Kazi ya daraja si ndogo. Nyuzi nne za besi zikikazwa kwa sauti yake huvuta kwa pamoja kwa nguvu ya takribani kilo 70 hadi 80. Huo ni uzito wa mtu mzima aliyening'inia mchana na usiku kwenye skrubu tano zilizozama katika mbao.

Katika gitaa hili, skrubu mbili za nyuma zilikuwa zimelegea katika matundu yake, bamba likainuka kwa unene wa kadi ya simu. Tandiko la uzi mnene nalo lilikuwa limelala upande, skrubu yake moja imekwama kwa kutu na ya pili haigusi chochote. Ndiyo iliyokuwa ikipiga kelele za chuma.

"Jasho," fundi alisema. Jasho la mkono lina chumvi, na chumvi na chuma si marafiki. Mpigaji akimaliza ibada au dansi na kulirudisha gitaa lake mfukoni bila kulipangusa, kutu hufanya kazi yake polepole hadi skrubu isizunguke tena.

Hapa ndipo wengi huharibu. Hukimbilia koleo, au huchukua alenki yoyote iliyo karibu. Alenki, yaani ule ufunguo mdogo wenye pembe sita, huja kwa vipimo vya milimita na vya inchi, na havifanani hata vikionekana mapacha. Alenki ya milimita 1.5 ikiingizwa katika tundu la 1/16 ya inchi, ambalo ni karibu milimita 1.6, huteleza na kula kingo za tundu. Baada ya hapo skrubu haishikiki tena.

Fundi alilegeza nyuzi zote kwanza, kisha akalifungua daraja lote na kulitoa. Hakumimina mafuta likiwa juu ya gitaa, kwa sababu mafuta huingia katika mbao na huifanya gundi isishike. Matandiko aliyatumbukiza katika kifuniko cha chupa chenye mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili kidogo. Kwa skrubu iliyokwama aliongeza ujanja mwingine: aliigusisha ncha ya chuma cha kulehemu kilichopata moto, akahesabu polepole hadi 30, akaiacha ipoe. Chuma kikipata moto hutanuka na kikipoa hunywea, na kutu katikati yake hupasuka. Mara ya tatu skrubu ilizunguka.

Tandiko likiwa limekwisha kabisa, si lazima kununua daraja jipya. Kule Kirinyaga Road wako mafundi wenye mashine za kukereza chuma ambao, wakipewa tandiko moja zima kama kielelezo, wanaweza kutoa lingine la shaba njano. Springi iliyopotea nayo inaweza kutolewa ndani ya kalamu ya kubofya iliyoisha wino na kukatwa kwa kipimo. "Watoto wako hutupa springi kila wiki," fundi aliniambia.

Matundu yaliyopanuka ya skrubu yalihitaji subira zaidi. Vijiti vya kiberiti ni laini mno, alisema. Alichonga vijiti kutoka kipande cha mbao ngumu ya mvule, akavipaka gundi ya mbao, akavishindilia katika matundu mawili hadi yakajaa, akavikata juu kwa wembe. Gundi ilihitaji kulala usiku kucha. Kesho yake angetoboa upya kwa keekee yenye ncha nyembamba kuliko skrubu yenyewe, ili mbao iikumbatie.

Kusikiliza mvumo

Gundi ikiwa inakauka, tuligeukia ugonjwa wa pili. Fundi alikuwa amekwisha kulijaribu gitaa lile kabla ya kulifungua, na majaribio yenyewe ni mepesi kiasi kwamba kijana yeyote anaweza kuyafanya nyumbani bila bisibisi.

Kwanza, chomoa waya kwenye gitaa na uache amplifaya ikiwaka kwa sauti ya chini. Mvumo ukiendelea hata wakati ncha ya waya haiguswi na mtu, tatizo liko kwenye waya au amplifaya, na gitaa halina hatia.

Pili, rudisha waya, kisha zungusha kidhibiti cha sauti cha gitaa hadi mwisho wa chini. Mvumo ukitoweka, unaingilia kwenye pikapu au nyaya zilizo kabla ya kidhibiti hicho.

Tatu, simama na gitaa lako kisha ujigeuze taratibu kama mtu atafutaye kibla. Mvumo ukipanda na kushuka kulingana na upande unaoelekea, pikapu inanasa umeme wa chumbani: taa za mirija, transfoma ya amplifaya, chaja ya simu au nyaya zilizo ukutani.

Nne, na hili ndilo muhimu, gusa nyuzi kwa kiganja. Katika gitaa lenye afya mvumo hupungua mara moja. Usipopungua, gusa chuma cha plagi iliyochomekwa kwenye gitaa. Kama hapo ndipo unapungua, basi nyuzi zimetengana na waya wa ardhi.

Umeme wa Kenya, wa volti 240, hugeuka na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake husikika kwa kasi hiyo au maradufu yake, mara 100. Sauti ya G katika freti ya tatu ya uzi mnene hutetema takribani mara 49 kwa sekunde, na uzi mwembamba ukiachwa wazi hutetema takribani mara 98. Kwa maneno mengine, mvumo unakaa katika chumba kimoja na besi, kama jirani anayeimba wimbo wako akiwa amepanda kidogo tu juu ya sauti. Ndiyo sababu kupunguza sauti nzito kwenye amplifaya hakusaidii: unapomfukuza jirani unaifukuza na besi yenyewe.

Watengenezaji walilijua tatizo hili mapema. Mwaka 1957 Precision Bass ilipewa pikapu iliyogawanywa vipande viwili vyenye shaba iliyozungushwa kinyume. Mvumo huingia katika vipande vyote viwili, lakini hutoka kinyume na kufutana, ilhali sauti ya nyuzi hubaki. Jazz Bass iliyofuata mwaka 1960 ina pikapu mbili zinazofanya vivyo hivyo, mradi zote mbili zimefunguliwa sawasawa. Kwa hiyo kijana mwenye besi ya namna hiyo akisikia mvumo baada ya kupunguza pikapu moja, asimlaumu fundi. Ndivyo ilivyoumbwa.

Waya mmoja

Katika jaribio la nne, gitaa la kijana wetu lilianguka mtihani. Aligusa nyuzi, mvumo haukubadilika. Akagusa chuma cha plagi, ukapungua.

Fundi alichukua kipima umeme cha mkononi, akaweka ncha moja kwenye daraja na nyingine kwenye chuma cha tundu la waya. Kipimo kilipaswa kukaribia sifuri. Hakikusogea: hapakuwa na njia.

Chini ya daraja, kwenye kitundu kidogo kilichotobolewa katika mbao, mlichungulia ncha ya waya mwembamba usiozidi unene wa uzi wa kushonea viatu. Ilikuwa imeota kutu ya kijani. Waya huu hutoka kwenye mgongo wa kidhibiti cha sauti, hupita ndani ya tumbo la gitaa na kuishia chini ya bamba, ambapo hubanwa tu na uzito wa daraja. Kazi yake ni kuziunganisha nyuzi na ardhi, na kupitia kwazo mwili wa mpigaji, ili mwili huo usiwe mlingoti wa kunasa kelele. Skrubu za daraja zilipolegea, bamba liliinuka, waya ukakosa kubanwa, kutu ikamalizia. Fundi alikuwa na haki: yalikuwa maradhi mamoja.

Tiba yake ilichukua dakika chache. Alikata ncha iliyooza, akamenya urefu wa vidole viwili vya waya mpya, akausugua mgongo wa bamba kwa msasa hadi chuma kikang'aa, na upande wa pili akaulehemu waya kwenye kidhibiti. Kulehemu huko kuna adabu zake. Chuma cha kulehemu kiwe na nguvu ya kutosha, kama wati 40. Mahali pa kulehemu pasuguliwe kwanza. Na lehemu iyeyushwe na chuma kinachounganishwa, si kudondoshewa juu kama nta ya mshumaa. Lehemu nyingi za madukani zina risasi, hivyo mikono ioshwe kabla ya kugusa chakula.

Mwisho, alikipaka kuta kishimo chenye nyaya kwa utepe wa shaba, akauunganisha na ardhi. Ukuta huo wa shaba huzuia kelele za taa na simu zisifikie nyaya. Wengine hutumia karatasi ya aluminiamu iliyoibwa jikoni kwa mama, nayo hufanya kazi, ila haishiki lehemu ya kawaida. Ni lazima ibanwe kwa skrubu. Vyovyote iwavyo, karatasi hiyo isiguse ncha ya moto ya tundu la waya. Ikigusa, gitaa litanyamaza kabisa, na si kunyamaza kunakotakiwa.

Nilidhani kazi imekwisha. Kijana naye alidhani hivyo, akaanza kulikunjua shuka lake.

"La," fundi alisema. "Halitoki hapa hadi nione plagi ya amplifaya yenu."

Plagi yenye meno matatu

Hoja yake ilikuwa hivi. Waya ulio chini ya daraja ni mtumwa mwaminifu: hubeba chochote kilichoko upande wa pili. Amplifaya ikiwa imeunganishwa vyema na ardhi kupitia plagi na soketi, waya huo hubeba usalama. Amplifaya ikiwa na kasoro ya ndani na haina ardhi, sanduku lake la chuma huwa na umeme, na waya huo huo huuleta umeme hadi kwenye nyuzi, chini ya vidole vya mpigaji. Yeye hana habari mpaka midomo yake iguse maikrofoni, ambayo imeunganishwa na ardhi kupitia mashine nyingine. Hapo umeme hupata njia: mkononi, kifuani, mdomoni. Moyo uko katikati ya njia hiyo.

Wale siafu wa midomoni walikuwa onyo. Na hawakuondoka kwa kuwa hatari imekwisha. Waliondoka kwa sababu waya wa daraja ulikatika, ukatenganisha nyuzi na amplifaya. Kijana alipoteza utulivu wa sauti, lakini bila kujua akawa amepata kinga ya bahati.

"Nimeurudisha waya leo," fundi alimwambia. "Nikikupa gitaa bila kuona plagi, nitakuwa nimekurudishia na umeme."

Mambo haya si hadithi za kutisha watoto. Mnamo Mei 3, 1972, mjini Swansea huko Wales, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows aligusa maikrofoni ambayo haikuwa na ardhi nzuri akiwa jukwaani, akafa mbele ya mashabiki. Miaka minne baadaye, Mei 1976, Keith Relf, aliyewahi kuwa mwimbaji wa Yardbirds, alifariki nyumbani kwake kwa kupigwa na umeme akicheza gitaa lake. Hawa walikuwa wanamuziki wazoefu katika nchi yenye sheria kali za umeme.

Kwetu, mitego ni mingi zaidi. Kuna ekstensheni zenye nyaya mbili tu ndani, ingawa soketi zake zina matundu matatu. Kuna plagi za meno mawili zinazolazimishwa kuingia kwa kusukuma kijiti katika tundu la ardhi. Kuna umeme wa kuunganishwa kiholela katika nyumba za kupanga, na jenereta za mikutano ya hadhara zisizo na chuma cha ardhi. Na kuna mafundi wa haraka ambao, wakisikia mvumo, hukata waya wa ardhi ndani ya plagi. Mvumo hunyamaza kweli, nao husifiwa.

Jumamosi asubuhi tulikwenda Kawangware, fundi akiwa na bisibisi mfukoni. Kwa nje plagi ya amplifaya ilikuwa na meno matatu kama kawaida. Alipoifungua, waya wa kijani na njano, ambao ndio wa ardhi, ulikuwa umekatwa, ukakunjwa nyuma na kuzungushiwa utepe mweusi kwa unadhifu mkubwa. Hakuna aliyekumbuka nani alifanya hivyo. Ekstensheni nayo ilikuwa ya nyaya mbili.

Mzee mmoja wa kanisa alishika kiuno akasema, "Na hapo ndipo watoto wetu husimama kila Jumapili."

Tiba sahihi ya mvumo wa namna ile, ambao mara nyingi hutokana na amplifaya na mashine ya kuchanganyia sauti kupata ardhi katika soketi mbili tofauti, ni kuviunganisha vyombo vyote kwenye soketi moja yenye ardhi nzuri. Ukizidi kuwepo, kuna kijisanduku maalumu kinachowekwa kwenye waya wa sauti, ambacho hutenganisha ardhi ya sauti pekee. Waya wa ardhi wa umeme haukatwi kamwe. Soketi zenyewe hukaguliwa na fundi wa umeme mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA, ambaye pia anaweza kufunga swichi ya usalama inayokata umeme mara unapovuja kwa kiasi cha sehemu 30 tu kati ya 1,000 za ampea moja. Na amplifaya isifunguliwe na asiyeijua: ndani yake mna vyombo vinavyohifadhi umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Plagi ilifungwa upya, ekstensheni ikatupwa, fundi wa umeme mwenye leseni akaitwa kukagua soketi. Amplifaya ya zamani ilipelekwa mjini kupimwa, na ya kuazima ikaletwa.

Jumapili

Kabla ya kuondoka, fundi alilirudisha daraja mahali pake na kumfundisha kijana kazi ya mwisho, ambayo haihitaji fundi. Uzi ukiachwa wazi na uzi huo huo ukibanwa kwenye freti ya 12, ambayo iko nusu ya urefu wake, unapaswa kutoa noti ile ile, moja juu ya nyingine. Programu ya kupimia sauti kwenye simu hutosha kuthibitisha. Ya freti ikiwa juu kuliko inavyotakiwa, tandiko huvutwa nyuma. Ikiwa chini, husogezwa mbele. Uzi hulegezwa kwanza kila mara, kisha hukazwa na kupimwa tena.

"Na kitambaa," aliongeza. "Pangusa kila ukimaliza."

Malipo yote hayakufikia bei ya seti moja ya nyuzi mpya. Besi mpya ingegharimu kodi ya chumba ya miezi kadhaa.

Kesho yake nilikaa safu ya nyuma. Kabla ya wimbo wa kwanza, kijana aliwasha amplifaya na kusubiri, kiganja kikiwa juu ya nyuzi. Hapakusikika kitu ila kikohozi cha mtoto na viti vikiburutwa. Kisha akasogea kwenye maikrofoni, akasita kidogo, akaigusa kwanza kwa mgongo wa kidole. Akatabasamu, akaanza kupiga.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Msomaji mwenye kijana anayepiga ala za umeme, leo jioni mwulize maswali mawili: je, gitaa lako huvuma? Na je, umewahi kuhisi siafu mdomoni? Jibu likiwa ndiyo, muifungue plagi hiyo kwa pamoja, ikiwa imechomolewa ukutani, muutafute waya wa kijani na njano.